Pindo, mji na jina: kutoka Flemingdon Park hadi baraza la bibi

Mimi mzima, kazi za wodini zinaendelea kama kawaida. Leo sitaki habari za theluji wala zamu za usiku. Nataka tuzungumze majengo, maana nimesikia kuhusu nyumba ya bibi pale Ngamiani, kwamba baraza livunjwe, zijengwe fremu tatu za maduka. Kabla hamjamwita fundi, hebu nisomeni kidogo.

Kila mwanamke wa Tanga anajua kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina, yaani yale maneno. Mji ukipendeza halafu pindo likawa ovyo, kanga hiyo utaiacha dukani. Mimi nimesomea uuguzi, sikusomea usanifu, lakini kipimo hiki cha kanga ndicho kilichonisaidia kuuelewa mtaa ninaoishi.

Flemingdon Park ilikuwa shamba la Robert John Fleming, aliyewahi kuwa meya wa Toronto miaka ya 1890. Jina limetoka kwake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaanza kujengwa nyumba za kupangisha, maghorofa na nyumba za kuungana. Msanifu mmojawapo, Irving Grossman, alikuwa na wazo zuri: magari yaegeshwe chini ya ardhi, juu wabaki watu, watoto wacheze na majirani wakutane. Mji mzuri huo! Tatizo likawa pindo. Barabara kuu ya Don Valley Parkway, iliyoanza kufunguliwa 1961, ikapita ubavuni. Nguzo za umeme mkubwa nazo zikapita humo humo mtaani. Sisi wageni kutoka kila pembe ya dunia tumejazana hapa kama tuko kisiwani.

Ng'ambo ya barabara hiyo, Wynford Drive, palikuwa na makao makuu ya Bata. Ndiyo jamani, Bata hawa hawa wa viatu vyetu vya shule! Jengo lilikamilika 1965, kazi ya ofisi ya John B. Parkin. Wapo waliolililia lisibomolewe, lakini 2007 likaenda chini. Mahali pale mwaka 2014 pakafunguliwa Makumbusho ya Aga Khan pamoja na kituo cha Waismailia. Hilo nalo linatuhusu, kwa sababu Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 mwaka 1972, Kanada ilipokea zaidi ya watu 6,000, na Waismailia walikuwa wengi kati yao. Mpaka leo unaweza ukasikia Kiswahili cha mzee wa Kampala kwenye foleni ya duka.

Makumbusho yalichorwa na Mjapani Fumihiko Maki. Alitaka mwanga uwe ndio mada, akalikalisha jengo kwa pembe ili kila ukuta wa nje upate jua siku inapozunguka. Mawe ni meupe, na katikati kuna ua ulio wazi juu, umezungukwa na vioo vyenye michoro kama madirisha ya nakshi ya Kiarabu. Nilipousimamia ua ule nikasema, mbona huu ni uwani kwetu! Sisi watu wa hospitali tunalielewa jambo hili. Florence Nightingale aliandika tangu 1859 kwamba baada ya hewa safi, mgonjwa anahitaji mwanga kuliko kitu kingine. Wagonjwa wangu hawajamsoma, lakini wote wanataka kitanda cha dirishani.

Upande wetu huku tulikuwa na fahari yetu, kituo cha sayansi cha Ontario. Alikichora Raymond Moriyama, mtoto wa Kijapani aliyefungiwa kambini na familia yake wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hakusawazisha bonde. Alilishusha jengo hatua kwa hatua kufuata mteremko na miti, likafunguliwa 1969. Watoto wa Flemingdon walikuwa wakienda kwa miguu. Tarehe 21 Juni 2024 serikali ya jimbo ikalifunga siku hiyo hiyo ilipotangaza, ikasema paa si salama. Wengi walibisha, wakasema paa linatengenezeka, lakini milango ilikuwa imeshafungwa.

Sasa turudi Ngamiani. Nyumba ya bibi ina kila kitu alichokitafuta Grossman: ukumbi wa kati unaopitisha upepo, vyumba huku na huku, uwani kwa kupikia. Na ina kile alichokikosa, pindo linalokaribisha. Baraza ndilo pindo lenyewe. Pale ndipo majirani waliposikia habari za msiba, ndipo posa zilipoanzia, ndipo mpita njia alipopewa maji. Huku nina jirani ukuta kwa ukuta, mwaka wa tatu sasa, na sijui jina lake, kwa sababu hakuna mahali pa kukaa tukaonana.

Najua kodi ya fremu inahitajika, ada za watoto hazilipwi kwa kumbukumbu. Ushauri wangu: jengeni fremu moja upande wa uchochoroni, baraza libaki. Pengo la hizo mbili nitalichangia kila mwezi, mjomba aniandikie kiasi. Fremu mtajenga wakati wowote. Baraza likishavunjwa, watu watazoea kupita bila kusalimia, na hilo hakuna fundi wa kulirudisha.

Nasubiri majibu yenu, hata ya kunipinga. Wasalimieni wote, panapo majaaliwa tutaonana.