Wembe wa Kunolewa na Wembe wa Kutupwa

Lugha yetu huita wembe vitu viwili ambavyo mimi naona ni mbalimbali kabisa. Wembe wa zamani, ule wa kukunjwa ndani ya mpini wake, ulitaka mtu aujue. Kabla ya kunyoa husuguliwa kwenye ukanda wa ngozi. Shavu huvutwa likakaza, wembe ukalazwa kidogo. Mkono ukitetemeka, damu. Ukitunzwa, mjukuu huurithi.

Mwaka 1903 Mmarekani King Camp Gillette alianza kuuza kifaa chenye kiwembe chembamba cha makali pande mbili, kilichobanwa hata ncha tu ya makali ikaigusa ngozi. Mwaka ule aliuza vifaa 51. Uliofuata, zaidi ya 90,000! Nadhani kilichowavuta watu si usalama peke yake, bali kuondolewa kazi ya kunoa. Makali yakiisha, tupa, nunua kingine. Na faida ya mfanyabiashara ilikuwa hapo.

Wapo wanaolalamika kwamba ufundi uligeuzwa gharama. Ni kweli. Lakini mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa Kagera, na katika miaka iliyofuata tulihimizwa tusichangie nyembe. Wembe mmoja wa kinyozi, uliopita vichwa vya mtaa mzima, ukawa wa kuogopwa. Kule kutupa, kulikobuniwa kwa ajili ya biashara, kukawa kinga.

Siku hizi kinyozi hushika mpini wa umbo lile la zamani, ndani yake amepachika nusu ya kiwembe kipya. Mimi husubiri nione karatasi yake ikichanwa, ndipo niegemeze shingo.