Kumzoesha punda

Kumzoesha punda ni kazi ya kumfundisha punda kumwamini binadamu, kukubali kushikwa na kuongozwa kwa kamba, kabla ya kubebeshwa mzigo au kufungwa kwenye mkokoteni. Mfunzaji husimama chini, kando ya mnyama, wala hampandi. Mafunzo haya yanahitajika hasa kwa punda anayekimbia kila anapofuatwa malishoni. Farasi hufundishwa kwa njia inayofanana.

Punda katika Afrika Mashariki

Punda wa kufugwa (Equus africanus asinus) ana asili ya kaskazini-mashariki mwa Afrika. Farasi ni wachache katika Afrika Mashariki, kwa sababu mbung'o hueneza nagana na usubi hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua farasi wengi lakini mara chache huua punda.

Nchini Tanzania punda ni wengi zaidi mikoa ya kaskazini na ya kati kuliko kusini. Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, mashamba ya ngoro yako kwenye miteremko mikali isiyofaa mkokoteni. Mahali pa namna hiyo punda hufaa kwa kubeba mizigo mgongoni kwa shogi, mradi akubali kuongozwa kwenye njia nyembamba. Mjini Lamu, Kenya, punda ndio usafiri mkuu wa mizigo, na tangu mwaka 1987 kuna kituo cha kuwatibu.

Tabia ya punda

Methali husema "Asante ya punda ni mateke", na watu wengi humwita mkaidi. Kwa kweli, farasi akiogopa hukimbia mara moja, lakini punda mara nyingi husimama kwanza na kutazama hatari. Akipigwa wakati huo, hofu huongezeka na hujifunza kwamba mtu ndiye hatari yenyewe.

Macho yake yako pande za kichwa. Huona eneo kubwa, lakini haoni vizuri mbele kabisa ya pua wala nyuma ya mkia. Hivyo mtu anayemjia kutoka nyuma humshtua na anaweza kupigwa teke.

Sababu za kukataa kukamatwa

* Kukamatwa huleta kazi na fimbo tu, wala hakuleti chakula au mapumziko.
* Ana vidonda vya mgongo au shingo, kwato zilizorefuka, au maumivu ya meno.
* Ametengwa na mwenzake. Punda hushikamana sana wawili wawili.
* Aliwahi kukimbizwa na watu wengi hadi akachoka.

Punda huficha maumivu, kwa hiyo uchunguzi wa afya hutangulia mafunzo.

Hatua za mafunzo

1. Punda huwekwa katika zizi dogo, ikiwezekana pamoja na mwenzake. Mfunzaji huingia, hukaa kimya na kumwachia majani au pumba kidogo bila kumfuata.
2. Humsogelea polepole kuelekea bega, bila kumkazia macho. Punda akiinua kichwa na kukaza mwili, mfunzaji husimama. Akitulia, mfunzaji hurudi nyuma hatua chache. Kuondoka huko ndiko malipo ya kutulia.
3. Akikubali kukaribiwa, huguswa begani, kisha shingoni, mgongoni na miguuni.
4. Kamba huwekwa shingoni na kuondolewa mara nyingi kabla ya kumvisha hatamu.
5. Kamba huvutwa kidogo. Mara punda anapopiga hatua moja, hulegezwa. Mfunzaji akichelewa kulegeza, punda hajui ni tendo gani lililotakiwa.
6. Mara kwa mara hukamatwa, hukunwa shingo, kisha huachiwa bila kufanya kazi yoyote.

Vipindi vya dakika 10 hadi 15 kila siku hufaa kuliko kipindi kimoja kirefu. Hatua ikishindikana, mfunzaji hurudi kwenye ile ya nyuma. Baadhi ya punda huhitaji siku chache, na walioteswa huhitaji wiki nyingi.

Makosa ya kuepuka

Kumfunga miguu ili asikimbie husababisha vidonda. Kumwacha malishoni akiwa na kamba inayoburuta ni hatari, kwani inaweza kunasa kwenye mti. Kumbebesha mzigo mzito punda ambaye hajafikia miaka 3 au 4 huharibu mifupa inayoendelea kukua.

Umuhimu

Punda asiyekamatika huwaachia watu, mara nyingi wanawake na watoto, mzigo wa maji na kuni. Pia si rahisi kupata mwingine: biashara ya ngozi za punda imepunguza idadi yao, hata Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuisitisha kwa miaka 15. Nchini Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, wakiwemo wa kazi.

Tazama pia

* Punda
* Farasi
* Nagana