Miwa ya Matungu na Jina Lisilo Kwenye Hati

Januari 2025 Rais William Ruto alifika Mumias kuzindua malipo ya bonasi ya shilingi milioni 150 kwa wakulima wa miwa. Fedha za miwa humfuata aliyetia sahihi mkataba, na Matungu, kama kwingineko katika ukanda huo wa Kakamega, aliyetia sahihi kwa kawaida ni mwanamume. Ukichimba historia ya mashamba hayo, hata hivyo, utamkuta mama kila kizazi.

Günter Wagner, Mjerumani aliyetafiti mila za Kavirondo Kaskazini, kama eneo hili lilivyoitwa enzi za ukoloni, kati ya 1934 na 1938, hasa kwa Wamaragoli na Wabukusu, aliliona jambo hili vizuri. Katika boma la mitala kila mke aligawiwa mashamba yake. Aliyalima, akawalisha wanawe, na wana hao wa kiume ndio waliokuja kuyarithi. Mwana wa nyumba ya pili hakuwa na dai juu ya konde la nyumba ya kwanza. Mume alikuwa mwenye boma, naam, lakini urithi ulifuata jembe la mke. Binti peke yake aliachwa nje: alitazamiwa kupata shamba kwa mumewe.

Kisha zikaja karatasi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 na Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 vilitaka jina la mwenye ardhi, na lililoandikwa likawa la baba.

Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa 1971 na kiwanda kikaanza kusaga 1973, chini ya usimamizi wa Waingereza wa Booker McConnell. Sehemu kubwa ya miwa ilitoka kwa wakulima wadogo. Miwa ya kwanza huchukua kati ya miezi 18 na 24 kukomaa, na muda huo wote magugu hayangoji; kina mama walipalilia huku konde la mahindi na mtama likizidi kubanwa. Malipo yalipofika, yakiwa yamekatwa gharama za kulima, mbegu, mbolea na usafiri, yaliingia mkononi mwa mume.

Kwingineko ujane ulifungua mlango. Ufaransa, katika mashamba ya mizabibu ya Champagne, Barbe-Nicole Ponsardin alifiwa na mumewe François Clicquot mwaka 1805, akiwa na miaka 27. Sheria ya huko ilimpa mjane uhuru wa biashara ambao mke hakuwa nao, naye akaikuza nyumba ya mvinyo hadi ikatambulika kwa ujane wake. Kwetu kufiwa ndipo vita vya mjane vinapoanza.

Kesi iliyotikisa mambo ilitoka Bonde la Ufa. Mzee Rono alifariki 1988, akaacha wajane wawili na ekari 192. Nyumba moja ilikuwa na wana wa kiume na mabinti, nyingine mabinti watupu. Mahakama Kuu iliwapa mabinti sehemu ndogo kuliko kaka zao; sababu moja ilikuwa kwamba huenda wangeolewa. Mjane wa nyumba ya mabinti watupu akakata rufaa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa huko Eldoret, katika uamuzi ulioandikwa na Jaji Philip Waki, ilikataa hoja hiyo na kuwapa watoto wote haki sawa. Ndoa ambayo haijafungwa haiwezi kumnyang'anya mtu shamba! Hukumu hiyo ilistahili kusomwa katika kila baraza la chifu, Matungu ikiwemo, kwa kuwa Sheria ya Mirathi imekuwa ikitumika tangu Julai 1981.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 60, ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika ardhi. Kampuni ya Mumias nayo, iliyokuwa ikiandika mikataba ya miwa, ikaangukia mikononi mwa meneja mrasimu mwaka 2019, kisha kampuni ya Sarrai ikapewa kukikodi kiwanda Desemba 2021.

Hata sasa familia nyingi zinalima kwa hati yenye jina la babu aliyezikwa zamani. Mjane anayetaka kulibadilisha huanzia kwa chifu, anayeandika barua ya kuwataja warithi, kabla ya kufika kortini. Ni aibu kwamba mabinti bado huachwa nje ya barua hizo. Kiwanda kinapoandikisha wakulima upya, fomu ya mkataba iwe na nafasi ya jina la mke kando ya la mume, na fedha ziingie katika akaunti ya wote wawili.