Wenzi wa Mbio

Msomaji, ukitoka mjini Kericho kwa barabara iendayo Kisumu, utafika Kapsoit, mahali ambapo njia nyingine huchepuka kwenda Sondu. Hii ni nchi ya chai, iliyoinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake hupenda kunyesha baada ya adhuhuri. Kwa hiyo wapendao kukimbia hutoka alfajiri. Ukiwahi kuamka, waweza kuwaona wasichana wawili wakikimbia bega kwa bega kando ya njia, huku wakizungumza. Usiyadharau mazungumzo yao. Haki ya wasichana wawili kukimbia pamoja ilikawia sana kupatikana, na wako waliolipa gharama kubwa kwa ajili yake.

Tangu zamani wanawake wa nchi hii walikuwa na marafiki, lakini mara nyingi urafiki wao ulizaliwa katika kazi: kisimani, kunini, shambani. Urafiki wa kazi ni mwema, ila huenda na mzigo kichwani. Mchezo ni jambo jingine. Mtu huufuata kwa hiari yake, na mwenzi anayempata huko amemchagua mwenyewe. Wanaume waliipata nafasi hiyo mapema. Wilson Kiprugut, mzaliwa wa Kericho, alitwaa nishani ya shaba katika mbio za mita 800 huko Tokyo mwaka 1964, ikawa nishani ya kwanza ya Kenya katika Michezo ya Olimpiki. Wanawake walikuwa bado wangojea mlangoni.

Mlango huo ulifungwa mbali na Afrika. Mwaka 1928, mjini Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza katika Olimpiki. Magazeti yakatangaza kwamba walianguka ovyo kwa kuchoka. Habari zile zilitiwa chumvi nyingi, lakini zilisadikiwa, na mbio hizo zikaondolewa mpaka mwaka 1960. Mwaka 1968, mjini Mexico, ndipo wanawake wa Kenya walipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Walikuwa watatu tu: Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai. Hawakurudi na nishani, lakini walirudi wakiwa wamefungua njia. Mbio za mita 5,000 za wanawake zilitiwa katika Olimpiki mwaka 1996, mjini Atlanta, na papo hapo Pauline Konga akapata nishani ya fedha. Hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa amepata nishani ya Olimpiki kabla yake.

Sasa utauliza: mbio ni mashindano, nayo mashindano huzaa wivu, urafiki watoka wapi? Jibu limo katika namna ya kujizoeza. Mkimbiaji hakimbii kwa nguvu zake zote kila siku. Siku nyingi hukimbia polepole, na kipimo cha mwendo huo ni rahisi: uweze kusema na mwenzako bila kutweta. Saa nzima ya mwendo wa namna hiyo ni saa nzima ya mazungumzo. Siku ya mwendo mkali nayo ikifika, mmoja hutangulia akikata upepo, na mwingine hufuata nyuma yake, kisha hubadilishana. Kila mmoja hupata kwa mwenzake kasi ambayo hangeipata peke yake. Basi yule unayetaka kumshinda ndiye yule yule anayekufanya uwe bora.

Mfano hauko mbali. Faith Kipyegon alikulia Keringet, katika nyanda za juu zinazopakana na Kericho na Bomet. Mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 16, alikuwa wa nne katika mbio za nyika za dunia za vijana, naye alikimbia bila viatu. Mwaka 2014, huko Nassau katika visiwa vya Bahamas, alipokezana kijiti na Mercy Cherono, Irene Jelagat na Hellen Obiri, wakaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mara nne. Beatrice Chebet naye ni mtoto wa Londiani, katika Kericho hii hii. Tarehe 5 Julai 2025, katika uwanja mmoja mjini Eugene, Marekani, Chebet alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 58.06, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 14. Na siku ile ile Kipyegon akavunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1,500. Septemba mwaka huo walikutana Tokyo katika fainali ya mita 5,000 ya ubingwa wa dunia. Chebet alikuwa wa kwanza, Kipyegon wa pili, na kati yao haikupita hata sekunde moja. Bendera waliyoisherehekea ilikuwa moja.

Lakini urafiki haupimwi kwa nishani. Mwezi Oktoba mwaka 2021, Agnes Tirop, aliyekuwa amevunja rekodi ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee mwezi mmoja tu kabla, aliuawa nyumbani kwake Iten. Alikuwa na umri wa miaka 25. Wakimbiaji wenzake hawakuishia kulia. Miongoni mwao Viola Cheptoo Lagat na Joan Chelimo waliunda chama kiitwacho Tirop's Angels, ili kuwasaidia wanawake wanaodhulumiwa majumbani. Wenzi waliozoea kukatiana upepo njiani sasa walisimama mbele ya upepo mwingine, mkali zaidi. Wahenga walisema kweli: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Basi msomaji, ikiwa wewe ni msichana, mtafute mwenzi wa mwendo wako, mkimbie kwa kasi ya kuzungumza, wala usimwonee haya akikupita. Siku utakapokuwa na neno zito lisilosemeka nyumbani, yeye ndiye atakayelisikia. Na ikiwa wewe ni mvulana, teka maji asubuhi moja badala ya dada yako, apate nafasi ya kutoka. Nishani si za wote, lakini njia ya Kapsoit ni pana, na alfajiri haina kiingilio.