KUUA AU KUZUIA? HISTORIA YA ISTILAHI ZA KINGA YA MICHE

Miongoni mwa istilahi za kilimo zinazostahili kuchunguzwa upya ni zile zihusuzo kemikali za mimea zinazoikinga miche na maradhi ya kuvu. Aghalabu kemikali hizo zote huitwa viuakuvu vya asili. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jina hilo halitoshi, na kwamba upungufu wake waweza kumtia mkulima hasara.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Wakulima huuita kinyausi: mche huoza shina karibu na udongo, ukalala chini usiinuke tena. Mwaka 1874 mtaalamu wa Kijerumani, Hesse, alieleza kiumbe kimojawapo kiuletacho, akakiita Pythium debaryanum. Kwa muda mrefu Pythium ilihesabiwa kuwa kuvu. Wataalamu wa leo wameiweka katika kundi jingine, ingawa kuvu halisi kama Rhizoctonia nazo huleta kinyausi. Uainishaji wa kitaalamu umebadilika, lakini jina la mkulima limebaki na maana yake, kwa kuwa linaeleza kile akionacho kitaluni.

Historia ya kinga nayo ina mafunzo. Mwaka 1929 huko Marekani, Link, Angell na Walker walipata asidi ya protokatekuiki katika maganda ya vitunguu vyenye rangi. Asidi hiyo huzuia kuvu iletayo madoa meusi, ambayo huvishambulia zaidi vitunguu vyeupe. Hii ni kinga iliyopo kabla adui hajafika. Mwaka 1940 Müller na Börger wa Ujerumani walieleza kinga ya namna ya pili. Kiazi kilichoambukizwa kwanza aina ya Phytophthora infestans isiyokidhuru kiliweza kuihimili aina kali iliyofuata. Walisema kwamba kiazi hutengeneza kemikali mpya kinaposhambuliwa, wakaiita fitoaleksini, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mmea na kukinga. Kinga ya kwanza ilipata jina lake mwaka 1994 tu, VanEtten na wenzake walipopendekeza fitoantisipini.

Wazo la kuua halimo katika majina hayo mawili. Istilahi kiuakuvu imeundwa vyema kwa mfano wa kiuadudu, nayo yafaa kwa dawa iuayo. Lakini kemikali nyingi za mimea huzuia tu viini vya kuvu visiote, au hupunguza kasi ya kukua kwake. Mkulima aambiwaye kwamba anacho kiuakuvu huenda akangoja auone ugonjwa ndipo anyunyize. Na mche uliokwisha kuangushwa na kinyausi hauponi.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi kizuiakuvu kwa kemikali izuiayo. Ile iliyomo katika mmea tangu awali iitwe kizuiakuvu cha akiba, na ile itengenezwayo wakati wa shambulio iitwe kizuiakuvu cha dharura. Kiuakuvu libaki kwa dawa iuayo kweli, na kinyausi liingizwe katika orodha zetu bila kubadilishwa. Tunawaomba wasomaji, hasa mabwana na mabibi shamba, wazipime istilahi hizi vitaluni na kutuletea maoni yao, kwani istilahi imwelekezayo mkulima kutenda kwa wakati ni sehemu ya kinga ya mche wenyewe.