Kazeh: Ramani Kabla ya Karatasi

Tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 kutoka pwani, wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora. Muda mfupi kabla ya hapo ilikuwa imechapishwa ramani ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, mfano wa konokono asiye na gamba. Wasafiri waliohojiwa pwani hawakusema uongo. Kila mmoja alieleza njia yake, na kila njia iliishia majini. Aliyechora akayaunganisha maji yote.

Huko Kazeh kosa hilo likasahihishwa. Mfanyabiashara Snay bin Amir aliwaeleza wageni kwamba maziwa ni matatu, kila moja mbali na mwenzake: Nyasa kusini, la Ujiji magharibi, na Nyanza ya Ukerewe kaskazini.

Kwa nini yaliyowachanganya watu pwani yalinyooka Tabora? Naamini ni kwa sababu Tabora ni njia panda. Misafara ya Karagwe, ya Ujiji na ya pwani ilikutana hapo, na wapagazi wa Kinyamwezi walizibeba njia hizo miguuni. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia, na palipogawanyika njia aliziba ile isiyofaa kwa matawi ili walio nyuma wasipotee.

Ramani ya namna hii hukaa akilini, si kwenye karatasi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tolman, alidai kwamba hata panya hakariri kona tu. Hujijengea ramani akilini, ndiyo maana aweza kupita njia ya mkato. Ushahidi ulikuja baadaye. Mwaka 1971, London, John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walieleza seli zilizomo katika hipokampasi, sehemu iliyo ndani ya ubongo: seli moja huamka panya akifika pembe hii, nyingine akifika pale. Mwaka 2005 May-Britt na Edvard Moser, huko Norwei, pamoja na wenzao, walitangaza seli za jirani zinazoamka kwenye vituo vilivyopangika kama masega ya nyuki, zikisaidia kupima mwendo. O'Keefe na hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Hipokampasi hiyohiyo hutunza kumbukumbu. Mgonjwa mmoja wa Marekani aliyeondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili mwaka 1953 hakuweza tena kushika jambo jipya la maisha yake. Hili hunigusa kila nikiwafikiria wapagazi: aliyekumbuka kisima alikumbuka pia nani aliugulia hapo, na hongo, yaani ushuru wa kupita, ya nguo ngapi ilidaiwa katika nchi ya Ugogo.

Tarehe 9 Julai 1858 Speke aliondoka Kazeh kwenda kaskazini, pamoja na mwenzake wa msafara, Sidi Mubarak Bombay. Tarehe 3 Agosti akaliona ziwa, upande uleule alioelekezwa. Akalipa jina la malkia wake.