Fizikia ya Mpemba

Tangu 2014, CERN, ile maabara ya chembe ndogo kuliko atomu iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hualika wanafunzi wa sekondari kutoka kote duniani wabuni jaribio lao. Timu zinazoshinda hufanya jaribio hilo kwenye mashine halisi, pamoja na wanasayansi. Nikiwasimulia vijana wa hapa Samburu, Kwale, wananicheka: hayo ni ya wenye maabara, bro.

Basi mimi huwarudisha 1963, upande wa pili wa mpaka.

Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa na sukari kutengeneza aiskrimu, na nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania. Siku moja hakungoja maziwa yake yapoe. Akayatia yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Lakini rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia wao hutia ya moto makusudi, iwahi kuganda. Yaani wauzaji walishajua kitambo.

Akahamia Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu mwingine akamkejeli, ati hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa likaugeuza utani. Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Mpemba akasimama na swali lilelile, wenzake wakacheka. Osborne alikuwa na shaka, ila aliporudi Dar alimwambia fundi wa maabara ajaribu. Maji ya moto yakatangulia kuganda. 1969 wakachapisha makala katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia.

Ubishi haujaisha. 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawakuona ushahidi. Wengine wanalifuatilia jambo hilo hadi kwenye fizikia ya kwanta. Sawa tu. Swali lililozomewa darasani bado linawapa maprofesa kazi.

Na chembe je? Hizo hazihitaji viza. Miale kutoka angani ikigonga hewa huzaa chembe ziitwazo myuoni. Karibu na usawa wa bahari, kama moja hupita katika kila sentimita mraba kila dakika. Zinapenya mabati ya Samburu sawa na paa za Geneva. Na kusini mwa kaunti yetu, kilima cha Mrima kina thoriamu, madini yanayotoa mionzi yenyewe. Watafiti wameshakuja kuipima.

Sisemi friza ya shule ni sawa na mashine ya CERN. Nasema Mpemba alibeba swali lake miaka kadhaa kabla ya kumpata mtu mmoja wa kulipima. Leo mwanafunzi wa Msambweni akiuliza kwa nini mawe ya Mrima yanaliza kipimo cha mionzi, nani atakwenda naye kupima?